Ufa Nyuma ya Nyumba Yangu

Alhamisi, masika ya 1953

Asubuhi mvua ilipumzika kidogo, kisha ikarudi na hasira. Naandika nikiwa katika darasa la misheni. Wanangu wawili wamejilaza mkekani.

Niliteremka nao asubuhi kwenda kwa dada yangu Rozina, anayekaa bondeni kando ya kijito. Nilitaka tumsaidie kubeba vyombo ahamie kwangu, juu. Wiki nzima nimekuwa nikimhofia.

"Shikamoo dada. Funga mizigo, maji yatakuchukua."

"Marahaba. Maji haya nimeyazoea tangu utoto," akasema huku anachochea moto. "Mimi ndiye niliyetaka kukufuata wewe. Mlima umefanya ufa nyuma ya nyumba yako. Hujauona?"

Nilikuwa nimeuona. Juzi niliufukia kwa jembe, nikaushindilia kwa miguu, nikaenda zangu kupika.

Nikamcheka. Nikamwambia mume wangu Klementi alijenga kwa nguzo za mti mgumu, nyumba ile haiendi popote.

Ndipo mlima uliponguruma.

Tulipotoka nje na kutazama juu kwangu, jiko langu na chumba wanacholala watoto havikuwepo. Palikuwa na udongo mwekundu tu, na migomba imelala kifudifudi. Klementi yuko mjini tangu jana, amepeleka kabichi sokoni. Hajui lolote.

Nimewaza mchana kutwa. Kwa Rozina niliona maji. Kwangu niliona jasho la Klementi, nguzo tulizochagua pamoja, watoto waliozaliwa mle. Labda ndivyo tulivyo. Hatari ya mwenzako unaiona ikiwa uchi. Ya kwako umeivika mapenzi.

Hata baada ya yote hayo Rozina alikataa kuondoka. Eti kwake hakufiki kitu.

"Dada," nikamwambia, "hata mimi nilisema hivyo hivyo, leo hii."

Akaanza kukunja mikeka, tukapanda huku misheni sote.

Kesho Klementi atarudi. Namjua, atataka kujenga palepale. Atasema mlima ukishatema umetema, hautemi tena. Nimejiandaa kumkatalia.

Lakini jioni hii nilichungulia dirishani, nikakiona kipande cha kiwanja chetu kilichobaki, nikajikuta nakipima kwa macho: jiko likae hapa, mlango utazame kule.

Klementi nitamkatalia mimi. Mimi atanikatalia nani?