Jina la Tereza Mwisho wa Orodha

Butiama, 4 Juni 2024

Kwa binti yangu Nyamburi,

Mama, u mzima huko Musoma? Sisi tupo, ila malaria imenilaza tangu Ijumaa, miguu hainibebi.

Nakuandikia kwa ajili ya ile orodha ya mashamba ya kijiji uliyonichapia kutoka kwenye daftari ninalotunza. Jana mpimaji ardhi kutoka Bunda aliifungua kwenye kompyuta yake, akawasomea watu. Mimi sikuwepo. Tereza, mjane wa Burito, amekuja hapa analia. Anasema kwenye orodha hana shamba, na lile lake la mtoni ameandikiwa Makongoro. Unajua Makongoro analitamaniga tangu Burito afariki. Je, ulibadilisha kitu? Daftari langu unalo wewe. Angalia, unijibu upesi.

Baba yako,
Bernado

Musoma, 5 Juni

Baba, shikamoo,

Pole sana na malaria. Dawa umeze zote, usiishie katikati kama unavyofanyaga.

Nimefungua faili hapa kazini stesheneri, daftari lako pembeni, nikapitia jina kwa jina. Kila mtu yuko na shamba lake. Tereza yuko mwisho, na la mtoni ni lake. Sijabadilisha hata nukta. Labda alisikia vibaya. Orodha iko sawa kabisa.

Mwanao,
Nyamburi

Butiama, 9 Juni

Nyamburi,

Homa imeshuka, lakini heri ningebaki kitandani.

Barua yako nilimpa jirani yetu Samwel aipeleke kwenye kikao cha kijiji. Mwenyekiti akawasomea watu wote: "Orodha iko sawa kabisa." Tereza akasimama: "Bernado anajua shamba langu, muulizeni." Wakamjibu, "Si ndiyo haya majibu ya Bernado? Barua ya binti yake hii hapa." Wakaipitisha orodha. Kesho yake Makongoro akaingiza ng'ombe wa kulima. Tereza akakaa chini mbele ya jembe, wakamwondoa kwa kumbeba.

Leo nimejikongoja mpaka kwa mwenyekiti, nikaiona karatasi kwa macho yangu. Jina la Tereza lipo. Pembeni yake patupu.

Mama, uliniandikia nini? Watu wanasema tumekula njama na Makongoro. Kanisani hakuna aliyenipa mkono wa amani.

Baba yako

Musoma, 10 Juni

Baba, shikamoo,

Tangu barua yako ifike sijatia kitu mdomoni.

Nimepeleka faili kwenye kompyuta ya duka la jirani, nikaona ulichokiona wewe. Majina niliyapanga safu ya kushoto, mashamba safu ya kulia, bila kuchora jedwali la kuyafunga pamoja. Kwenye kompyuta yangu nilitumia herufi nyembamba. Kompyuta nyingine haina herufi hizo, basi inaweka za kwake, pana zaidi. Jina la Samwel ni refu, halikutosha tena, likakatika mistari miwili, likamsukuma chini Makongoro na Tereza. Mashamba hayakusogea. Ndiyo maana Samwel ana mawili, Makongoro ameangukia la mtoni, na Tereza hana kitu.

Ningeituma kama PDF isingesogea. Sikujua, baba, nami nikaandika kama mtu anayejua.

Kesho nakuja na daftari, lina alama ya dole gumba ya kila mtu kando ya shamba lake. Bosi amesema nikiondoka nisirudi. Nakuja.

Mwanao

Butiama, 23 Juni

Mama,

Hujambo? Kazi umepata?

Siku uliyokuja ukamkabidhi mwenyekiti daftari, Tereza alikuwa ameshaondoka. Juzi mpimaji amelinganisha alama za dole gumba, amesahihisha orodha. Makongoro ametoa ng'ombe. Nilidhani yameisha.

Nikapanda bodaboda mpaka Nyamuswa, kwa kaka yake Tereza, alikohamia. Nikamnyooshea karatasi mpya yenye muhuri. Hakuipokea. "Shemeji," akasema, "hata ile ya kwanza ilikuwa na jina langu."

Anasema hakuchukii. Lakini harudi kwa sababu ya karatasi. Anataka usimame naye mpakani, mbele ya wale waliosikia barua yako, useme kwa mdomo wako shamba ni la nani.

Nimemwambia utakuja Jumamosi. Nilipokuwa napanda bodaboda akanifuata, akauliza kama mtoni bado kuna maji.

Baba yako,
Bernado