Nililia Matanga Pasipo Maiti

Aline wangu wa Mambasa,

Hapa Bunia vumbi inaingia mupaka mu chai. Jana nilifika kwa Neema, mutoto wa dada yangu, yule anamaliza masomo mwaka huu. Nikakuta bafinalisti wenzake bamejaa mu parcelle, pale inje mbele ya nyumba, bamekaa chini, banaimba polepole mu luga sijui, na machozi inabatoka. Nikajua kuna mutu amekufa. Nikavua viatu, nikafunga kitambaa kiunoni, nikatoa kilio yangu yote! Wimbo ikakatika. Bote bakaniangalia.

"Tantine," Neema akasema, "hakuna matanga. Ni wimbo ya Japani. Kule bakimaliza masomo, banaimbaka vile siku ya mwisho. Tuliijifunza mu telefone."

"Inasema nini?"

"Inashukuru mwalimu, inashukuru rafiki, hata dirisha ya classe. Kisha kila mutu anaenda njia yake."

Dirisha, Aline! Nani anashukuruka dirisha? Nikauliza na poudre je, ile unga nyeupe ya kumwagia benye bamefaulu mu kichwa, haitamwagwa tena? Akacheka: "Poudre ni ya siku ya matokeo, tantine. Hii ni ya kuagana."

Tangu jana najiuliza. Siye, siku yetu ya matokeo, tulimwagiana poudre mu nywele, tukakimbia nyumbani, hakuna mwenye aliaga mwenzake. Unisalimie batoto, ubaki na afya. Na pokea hii, hata kama imechelewa: asante, Aline, miaka yote ile ya masomo, mu banc yenye tulikalia pamoja, uliniachia upande wa dirisha.

Mado wako