Sensa ya Joto na Posa ya Nawal

Dunda,
Bagamoyo.
14 Mei 2025

Mpendwa Shangazi Zeyana,

Shikamoo. Natumai waraka huu utakukuta huko Maskati ukiwa na afya njema pamoja na binti yako Ibtihal, na kwamba goti limepata nafuu. Sisi hapa tu wazima wa viungo. Masika imemfungia Baba dukani wiki nzima, lakini hajambo.

Shangazi, usikate tiketi. Harusi ya dada yangu Nawal, tuliyoipanga iwe baada ya Idi ya kuchinja, haipo tena. Niliyeivunja ni mimi, kwa hiyo nimemwomba Baba aniachie kukuandikia.

Chanzo ni gari la Baba. Mshale wa joto ulikuwa ukipanda hadi kwenye nyekundu hata asubuhi, dakika tatu tu baada ya kuwasha, na feni ya kupoza injini haikuzima. Tulilipeleka Kerege kwa Majaliwa, mchumba wa Nawal, ambaye ndiye fundi wetu. Kwanza alisafisha rejeta. Kisha akabadilisha termostati inayodhibiti joto la injini. Mshale ukapanda vilevile.

Mara ya tatu nililipeleka mwenyewe. Alishika bomba la rejeta kwa kiganja, akacheka. “Injini haichemki, shemeji. Hebu shika. Hapa mwongo ni sensa, hiki kipima joto kinachoupa mshale habari.”

Sikushika. Wateja watano walikuwa wamekaa wakisubiri magari yao, nami, Shangazi, nikiona watu watano naona mkutano. Nikapaza sauti: “Juzi rejeta, jana termostati, leo sensa! Kesho utatuambia nini, usukani? Huu ni wizi, tena wa kumwibia mkweo!”

Aliifungua sensa, akaiunganisha na mita ya umeme, akaitumbukiza katika kikombe cha maji baridi, kisha katika sufuria ya maji yaliyokuwa yakitokota kwa chai. Ukinzani wa umeme ulipaswa kushuka kadiri maji yanavyopata moto. Hilo nililisoma kidato cha sita. Namba ilikuwa ndogo tangu kwenye maji baridi, na haikusogea. Sensa ilikuwa imekufa, na muda wote ilikuwa ikilieleza gari kwamba linaungua. Aliniwekea sensa kiganjani, akafunga boneti.

Mwaka jana chuoni nilisimama jukwaani nikauliza ni nani katika nchi hii amheshimuye mtu achafuaye mikono yake ili wengine wasafiri. Walinipigia makofi. Mtu huyo nilimkuta Kerege, nikamwita mwizi.

Jumapili alasiri alikuja mshenga wao, Mzee Mtoro, kutengua posa. Alikunywa maji tu. “Mama yake amesema hampeleki mwanawe kula ukweni anakoitwa mwizi,” akasema.

Jana nilirudi Kerege kuomba radhi. Majaliwa alitoka chini ya lori, akafuta mikono, akanisikiliza hadi mwisho.

“Nimekusamehe, Zayed. Lakini mama hakuwapo ulipohutubia, na yeye ndiye aliyekusikia kuliko sisi sote.”

Nilikwenda kwa mama yake pia. Bi Mwanaharusi alinipokea barazani kwa adabu, akauliza hali ya Baba, akauliza hali ya masomo yangu. Nilipolitaja jina la Nawal, alinyanyuka akaenda kuanua nguo, na hakurudi tena.

Nawal hajanitamkia hata neno moja baya. Ananipakulia chakula, ananiuliza kama kinatosha. Hotuba zote nilizonazo hazina la kumwambia. Vitambaa vya harusi ulivyokwisha kununua, anasema, mshonee Ibtihal. Ukimpigia simu, nakusihi usinitetee.

Msalimie Ibtihal, na jirani yako Bi Wahida. Baba anakuombea dua, nami naitikia amina. Mola akuhifadhi ugenini na akujaalie uzima.

Mwanao akupendaye,
Zayed