Njugu za Nyamizi

Jumatatu, 7 Oktoba

Nina miaka themanini na mbili. Nimezika mke, kaka zangu wote, ng'ombe wa baba, chama cha ushirika cha kwanza na cha pili, na mganga aliyesema sitavuka arobaini. Bado nalima. Hapa Lusu hakuna mzee wa rika langu anayeshika jembe. Wanashika fimbo.

Nimefagia banda, nimekunywa uji, nimekaa. Mgongo. Joto la mwezi huu linachosha hata kivuli.

Wamekuja watu wa mbegu kutoka Tabora mjini. Dada mmoja, Rehema, na dereva. Kaniamkia shikamoo babu, kapiga goti. Marahaba. Anatafuta mbegu za zamani zisipotee. Zinawekwa kwenye baridi, habari zake zinaandikwa pamoja, ili mtu yeyote nchini ajue ipi iko wapi na inapandwaje. Anataka njugu mawe nyeusi zenye jicho jeupe. Nzega nzima hajaziona. Nikamwambia umefika.

Kibuyu cha marehemu mke wangu Nyamizi kilikuwa darini juu ya jiko. Kimezibwa kwa mavi ya ng'ombe tangu mwaka jana alipofariki. Nimekifungua. Nimempa karibu zote. Nimebakiza konzi moja.

Jumanne, 8 Oktoba

Jana sikumaliza. Mkono ulichoka.

Aliuliza mengi. Zimetoka wapi. Nikasema babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu hadi pwani, akarudi na njugu hizi kiunoni. Zinapandwa lini. Mvua za kwanza. Udongo gani. Mbugani, udongo mzito, pamoja na mpunga. Hapo akainua kalamu. Akasema babu, njugu si zinapenda kichanga? Nikamwambia hizo za wengine. Hizi ni nyingine, ndiyo maana hukuzipata.

Akaandika. Nilifurahi. Miaka mingi sijaulizwa kitu na mtu anayeandika.

Jumamosi, 16 Novemba

Mkutano wa kijiji. Afisa kilimo wa kata kasoma habari za mbegu zetu kama zilivyoandikwa. Jina langu limetajwa mbele ya wote. Nikasimama wanione.

Kabula akacheka. Ni mdogo wake marehemu Nyamizi, mjane, nyumba yake inatazamana na yangu. Ulimi wake haujawahi kupumzika.

"Shemeji, shamba la njugu uliliona wapi wewe? Dada alikuwa anakufukuza kama mbuzi."

Nikamwambia, "Mke wangu mdogo, ukimaliza kelele nenda kanipikie."

"Nikupikie nini? Njugu za mpunga?"

Mkutano mzima ulicheka. Hata mwenyekiti. Kisha Kabula akaacha utani. Kasema njugu zile zilitoka kwa mama yao, Nyamizi alikuja nazo akiolewa. Zinataka kichanga. Mengine hasemi mbele ya wanaume.

Nimerudi nyumbani sijaaga mtu.

Kwetu njugu ni za wanawake. Mwanamume haingii shamba la njugu zikitoa maua. Akiingia, maganda yanabaki matupu. Tulikuta hivyo. Nyamizi aliushika mwiko huo, na mimi niliushika. Lakini mtu hawezi kula kitu miaka yote, na chumvi yake, asikijue. Konzi yangu ipo. Nitawaonyesha.

Jumanne, 26 Novemba

Mvua. Nimepanda konzi yote mbugani, peke yangu. Kabula alipita na ndoo akaniona. Akatazama mashimo, akaenda zake.

Magoti yamevimba. Nimechoka kuliko siku niliyomzika mke wangu.

Ijumaa, 6 Desemba

Hakijaota kitu. Nimefukua moja. Laini kama uji, inanuka. Nimefukua nyingine. Ya tatu ilikuwa na jicho lake bado, nikaigusa ikapasuka.

Nimefukia. Sitaki kuandika leo.

Jumapili, 8 Desemba

Kanisani nilikaa, sikusikia neno.

Rehema alipiga simu jana. Anashukuru. Amehangaika kutafuta kipande cha mbuga kama nilivyosema, amekipata. Wanapanda wiki ijayo. Wanapanda zote, maana zilikuwa chache. Zikizaa ndipo waweke akiba kwenye baridi, nyingine wagawe vijijini, kuanzia kwetu Lusu.

Nilimwambia sawa, mjukuu wangu. Nikakata simu.

Mwoga. Nimefukuza fisi kwa mikono mitupu, watu wanajua. Nimemwogopa binti wa kalamu.

Zikioza, hakuna nyingine. Niliuliza. Kabula hana, za kwake zililiwa mwaka wa njaa akitegemea kibuyu cha dada yake.

Jumanne, 10 Desemba

Nimevuka barabara hadi kwa Kabula. Kanipa kigoda. Nikasema twende Tabora.

"Kufanya nini?"

"Kusema."

"Atasema nani?"

Nikasema wewe. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akaingia ndani kutafuta kanga yake nzuri.

Afadhali angecheka.

Alhamisi, 12 Desemba

Jana tulipanda basi asubuhi. Njia hii babu aliipita na pembe begani. Sasa ni lami. Mimi nimepita na shemeji na kuku wake kwenye kapu, zawadi. Kuku alikuwa na sauti kama yake.

Tumelala Isevya, hapohapo mjini Tabora, kwa binti wa Kabula. Leo tumekwenda ofisini. Rehema alifurahi kutuona. Nikamwambia wasipande. Zangu zimeoza. Nilisema yote mara moja, kama mtu anayemeza dawa chungu. Uso wake ulibadilika, lakini hakunitukana. Akavuta kiti, akamwambia Kabula, karibu bibi, tuanze upya.

Kabula hakuanza. Akasema, "Shemeji atoke kwanza."

Nikasema mbegu nilitoa mimi.

"Mwenye mbegu tumemzika Lusu. Wewe ulitunza kibuyu. Ahsante. Toka."

Rehema alimweleza kwamba haya yataandikwa, nchi nzima itasoma, wanawake na wanaume. Kabula akasema wasome. Mradi hayasemwi huyu akiwa amekaa hapa.

Nikatoka.

Nje kuna benchi. Nilikaa na mlinzi. Akauliza mzee unasubiri nini. Nikaanza kumwambia habari za babu na pembe. Nikafika katikati, nikachoka.

Ndani walikaa sana. Nilisikia wanacheka. Baadaye Rehema akatoka na kalamu.

"Babu, nifute yale ya kwanza?"

"Futa."

"Na ya mpagazi?"

Hilo lilinichoma. Babu alikuwa mpagazi kweli. Pembe alibeba kweli.

Nikasema futa.

Nchi nzima itasoma. Mimi niliyelala na mwenye mbegu miaka yote ndiye niliyekuwa kwenye benchi.

Jumamosi, 28 Desemba

Mawingu. Upepo wa kusini.

Rehema alipiga. Zao zimeingia ardhini, kwenye kichanga. Haijulikani bado.

Siku ile ofisini alimpa Kabula chache arudi nazo. Leo kaja kuzipanda nyuma ya nyumba yangu, pale palipokuwa shamba la Nyamizi. Nimehamishia kiti upande wa mbele. Nasikia jembe lake. Linagonga mara mbili, linanyamaza, linagonga tena. Nyamizi alikuwa hivyohivyo. Nilikuwa nasikia kila mwaka, sikujua kwamba nasikia.

Kaniambia maua yakitoka nisizunguke huko hata kufuata kuku. Nimesema ndiyo.

Haya niliyoandika ni kweli. Rehema anajua nilivyosema mwanzo na nilivyofuta. Mlinzi wa pale anajua nilikaa nje. Ya njugu zenyewe aulizwe Kabula. Mimi sikuwepo.