Blanketi Uliloniambia Nisilitumie

Nyumba Na. 2217,
Galeshewe, Kimberley.
14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Seipati,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta salama, na kwamba ukungu wa Walvis Bay haujakurudishia kile kikohozi. Goti nalo vipi? Mama anauliza kama bado unasimama kutwa kiwandani kupanga samaki kwenye makopo, au hatimaye wamekuonea huruma wakakupa kiti. Sisi huku tu wazima. Nakuomba usome tena hapo, Shangazi: tu wazima, na mimi ni mmojawapo. Huko mbele utaona kwa nini nasisitiza.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu kundi la simu la ukoo halina siri. Ukisema umekula yai, kabla ya saa sita ukoo wote kule Taung unajua kama lilikuwa la kukaanga au la kuchemsha.

Blanketi lilifika mwezi wa sita. Nililitambua kabla sijamaliza kulifungua, lile lako la miraba, la kijivu na buluu, unalojitanda kwenye shughuli za ukoo. Ndani ulikuwa umetia kikaratasi: "Ole, litunze vizuri, usilitumie." Nilishukuru, lakini sikuelewa. Nani anampelekea mtu blanketi katikati ya baridi ya Kimberley halafu anamkataza kujifunika? Nililiweka juu ya kabati, nikawa nalitazama kwa jicho la pembeni. Nitalirudia.

Kama ulivyoona kwenye picha ya Pasaka, nimepungua. Mwaka jana mwezi wa pili daktari aliniambia sukari imenipanda vibaya, na nisipobadilika mguu mmoja utatangulia kuniaga. Niliogopa, Shangazi. Niliacha soda, mkate mweupe na ugali wa usiku. Nikaanza kutembea kila alfajiri kuzunguka uzio wa lile shimo la almasi. Kutoka kilo mia na hamsini na moja nimefika themanini na nne. Suruali zangu mwenyewe nimezipunguza mara tatu, na ngozi ya tumbo imebaki inaning'inia kama pazia lililokatwa refu mno. Sikumwambia mtu isipokuwa Mama, maana sikutaka mtaa ukae barazani kusubiri nishindwe. Hapo ndipo nilipokosea.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unamkumbuka Gaolatlhe, mtoto wa Mma Sebetlele wa nyumba ya kona, mwenye sauti nzito kwenye kwaya ya shule? Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia kwamba nampenda, nikiwa na miaka kumi na minane, tukimenya boga jikoni kwako. Hukushtuka. Uliniuliza tu kama anajua kuosha vyombo.

Ambalo sikukuambia ni la mwaka uleule, siku kwaya ilipokwenda kushindana Upington. Nilipanda basi, nikaona nafasi kando yake. Nilipotaka kukaa akasema kwa sauti ile ile ya kwaya: "Aa, mimi sikai na Godoro, nitafika Upington chapati!" Basi zima likacheka. Kizibao alichovaa siku ile nilikuwa nimekishona mimi, na kifungo cha juu nilikipiga uzi mara mbili kisimkatikie jukwaani. Nilisafiri nimesimama. Kisha yeye akaenda zake Rustenburg kwenye migodi, na kwa miaka kumi na saba hatukusalimiana.

Mwezi wa tano mwaka huu mlango wa kibanda changu cha kushonea ukafunguliwa, huyo hapo.

"Ole."

"Karibu, mteja."

"Mteja tena?"

"Nyoosha mikono nikupime."

Ameota kitambi, Shangazi! Nilisoma tepu kwa sauti ili wateja kwenye benchi wasikie vizuri. Nilitegemea aone haya. Wala hakunisikia. Alikuwa anatazama viganja vyangu na mifupa ya mikono, macho yamelowa. Nikajiambia, si bure. Huyu ana lake.

Kesho yake akaja na maandazi. Keshokutwa matumbo. Wiki ya pili mkia wa ng'ombe, mafuta yameganda juu kidole kizima. Koti nililompimia alikuwa ameshalichukua, lakini hakosi.

"Kula, Ole."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, upepo?"

Nilikuwa namshukuru, akiondoka nampelekea Mama, ambaye sasa na yeye anataka nimpanulie magauni. Nilimchunguza kila upande. Kwanza nilidhani ameniona kwa kuwa nimekuwa mwembamba, na hilo liliniuma kuliko basi. Yule Ole mnene alimpenda akiwa hana hata senti, sasa arukwe kama dimbwi, penzi lipewe huyu mpya? Lakini kama anapenda wembamba, mbona ananilisha mafuta? Basi nikaamua ni dhihaka, kwamba yeye na wenzake wa kwaya wamewekeana dau nani atamrudisha Godoro. Nikawa nachungulia simu yake inapoita. Nikamuuliza jirani yao, kwa mbali, kama Rustenburg ameacha mke. Sikupata kitu, na kutopata kitu kukanitia shaka zaidi.

Ubaya ni kwamba moyo wangu ni mjinga. Alikuwa akikaa kwenye lile benchi, anaimba kwa kuguna tu, mdomo umefungwa, na mimi mshono unakwenda upande. Mkono wa joho la mchungaji niliufumua mara mbili. Jioni moja akanishika mkono wenye chaki akauweka shavuni mwake. Sikuutoa. Nilibaki hivyo, joho la mchungaji magotini, najiona kama nina miaka kumi na minane. Halafu akaniharibia.

"Tusipoteze siku, Ole. Muda wenyewe haupo."

Muda gani haupo? Nani anaondoka? Usingizi ukanipaa wiki nzima.

Jibu lililetwa na akina mama wa kanisa. Ilikuwa Alhamisi, tarehe saba ya mwezi uliopita. Nilikuwa jikoni nakatakata tango, nikasikia wimbo unaingia getini, ule wa taratibu, unaoujua. Wakaingia kumi na wawili, sare kamili, kofia nyeupe, Mma Sebetlele mbele. Wakapiga magoti sebuleni. Mama alidhani ni yeye aliyesahau kikao, akawakimbilia kuwatandikia mkeka. Mma Sebetlele akafumba macho akaanza: "Baba, huyu mtoto ameteseka kimya kimya. Ukiona inafaa, mpokee, usimchoshe zaidi."

Nikachungulia mlangoni na tango langu mkononi, nione ni mtoto gani anayepokelewa. Wote wakafumbua macho wakanitazama mimi.

Gao alikuwa nje kwenye ngazi na sufuria ya supu, analia wazi wazi. Nikamwendea.

"Nani anaumwa?"

"Ole, usinifiche. Dawa unakunywa kila siku? Nitakuwa nakupeleka mimi kliniki."

"Kliniki ya nini?"

"Watu wanakuona kila alfajiri unakimbilia foleni ya dawa!"

"Natembea, Gao. Nazunguka shimo. Nimejipunguza mwenyewe, kwa hiari yangu, kwa ajili ya sukari."

 Nikaona anavyopiga hesabu usoni.

"Mama alinipigia simu. Alisema yule mshonaji wenu ameisha, imebaki mifupa na tepu. Nikaacha kazi, Ole. Miezi mitatu namlilia mtu anayekula matango makusudi!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Aliweka sufuria kwenye ngazi, akaketi kando yangu, ndipo akalitoa la moyoni. Siku ile ya basi, nafasi ile alikuwa ameniwekea mimi. Alimkatalia mtu wa kwanza, akamkatalia wa pili, wavulana wakaanza kumwangalia na kukonyezana, na mimi nilipofika akaogopa, akasema la kuwachekesha. Akasema kicheko kile amekisikia chini ya ardhi kwa miaka kumi na saba.

Ungedhani hapo ningeyeyuka. Wapi! Shaka ilibadili nguo tu. Huyu alikuja kuniaga, Shangazi. Alifunga mzigo aje anishike mkono miezi michache, alie vizuri, dhamiri itulie, arudi. Kumpenda mtu unayedhani anakufa ni kwepesi, hatakuudhi muda mrefu. Mimi sasa naweza kuishi miaka arobaini, nakoroma, nagombana juu ya chumvi. Nilimwambia maneno hayohayo. Nikamwambia aende kwao afikirie, na supu aiache kwa Mama.

Ijumaa hakuja, wala Jumamosi, wala Jumapili. Nikajiambia, umeona? Nilisema kwa sauti, ndani ya kibanda, kama mtu aliyeshinda kesi. Kisha nikalia juu ya cherehani.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta kwenye uzio wa shimo, viatu vipya vyeupe, kitambi mbele, mvuke unamtoka mdomoni. Sikusimama. Akanifuata. Hatukufika hata kona ya kwanza.

"Punguza mwendo, bwana!"

"Umefuata nini huku?"

"Natembea."

"Tangu lini?"

"Tangu leo. Ulipokuwa mkubwa nilikutaka nikaogopa. Uliposemekana unakufa nilikutaka nikaja. Leo mzima, unakimbia kama umeiba, bado nakutaka. Unataka nifanye nini tena, Ole? Nizimie?"

Nilipunguza mwendo.

Leo ni siku ya thelathini na tano. Nazihesabu, ndiyo, unanijua. Hajakosa hata moja, na amepata kazi karakana ya reli, kwa hiyo haonekani kama mtu wa kuondoka. Bado nikiamka nasikiliza kwanza kama viatu vyake viko getini kabla sijafungua macho. Juzi amesema anataka wajomba zake waje kwetu Desemba, kwa heshima zote, kama inavyofanywa. Mama alifurahi, halafu akashika kichwa. Wanaume wawili, nani atume wajomba kwa nani? Ng'ombe wa mahari watoke zizi gani? Amesema mtu wa kulikata hilo ni shangazi, hakuna mwingine, na mjomba yeyote mwenye maoni aje aongee na wewe.

Na hapo ndipo nikalishusha lile blanketi, nikakaa nalo kitandani, nikafikiri.

Blanketi la miraba shangazi hulivaa mahali pawili tu, kwenye posa na kwenye mazishi. Mwezi wa sita mimi sikuwa na mchumba, na wewe ulijua sina. Uliona picha ya Pasaka. Baada ya miezi miwili unatanguliza blanketi lako nyumbani kwetu na kusema litunzwe, ili siku ya simu ya msiba upande basi mikono mitupu. Kwa hiyo hata wewe, Shangazi? Wewe niliyekuwa nakueleza kila kitu, ulishindwa kuniuliza?

Nimekasirika kidogo. Kidogo tu, kwa sababu na mimi nilikuficha, na kwa sababu hebu fikiria, ulivyoliosha, ukalikunja, ukalipeleka posta huku unaamini unachoamini. Nikifika hapo hasira inakwisha na ninakuhurumia wewe.

Basi silirudishi. Njoo Desemba ulivae. Njoo wiki moja kabla ya wajomba, umtazame Gao kwa macho yako yale yanayoona mpaka mfukoni. Ukiniambia ni mkweli, nitaacha kuhesabu siku.

Nisalimie Mjomba Haimbodi na mwambie redio yake nimepata vipuri. Msalimie binamu Tshepiso na pacha wake wachanga, niletee vipimo vyao niwashonee. Mama anakukumbatia na anasema usisahau samaki wakavu. Mungu akulainishie goti, akufungulie barabara, akulete ukiwa na sauti ya kupiga vigelegele.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, niliye hai na nikupendaye,

Olebile

N.B. Jana mchana Gao alisinzia kwenye kiti, na upepo ulikuwa mkali. Nilimfunika na blanketi lako. Najua ulikataza, nisamehe. Ni mara hiyo moja tu, na alipoamka aliosha vyombo.