Mgeni Aliyesalimiwa Mno

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku Ndhiwa tu wazima. Mahindi yamebeba, na goti la nyanya yako limepata nafuu. Unauliza kama ulikosea kumnunua huyo mtoto wa paka wa Kiajemi, maana tangu afike kwako amejificha chini ya kitanda na chakula hagusi.

Nilipokuwa kijana, mfanyabiashara mmoja aliyehama Rodi Kopany alimwachia mama yangu mtoto wa paka wa aina hiyo, mweupe, manyoya kama pamba. Kwetu mgeni husalimiwa na kila mtu, kwa hiyo majirani wote walikuja kumsalimu. Paka akaingia nyuma ya magunia, akakataa kula, akazidi kudhoofika.

“Huyu amekuja kwetu kufa,” shangazi akasema.

“Amesalimiwa mno,” mama akajibu. “Tokeni wote. Hata wewe, wifi, na huo mdomo wako.”

Akaketi akiyapa magunia mgongo, akachambua omena, wale dagaa wa ziwani, polepole. Mvua ilinyesha juu ya bati, nyumba ikajaa harufu ya ziwa. Mimi nilichungulia dirishani. Muda mrefu ukapita, kisha paka akatoka gizani taratibu kama moshi, akachukua omena moja kando ya mkono wa mama. Mama hakugeuka. Aliendelea kuchambua.

Wako mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, kwa kuwa mtoto wa paka hastahimili njaa. Mkirudi, waage rafiki zako wanaokuja kumtazama, keti sakafuni, fanya kazi yako. Akikugusa, usigeuke upesi.

Babu yako