Kwa Eugène Asukulu, Katibu wa Nyumba ya Kusoma ya Baraka

Baraka, tarehe 12 Machi 1957

Mwaka umetimia leo, mdogo wetu Eugène, tangu Jumatatu ile ulipotuacha asubuhi, kabla uji wako haujapoa.

Nakuandikia mimi, dada yako mkubwa Anastasie, kwa niaba ya familia yote. Mkono ni wangu mwenyewe. Mwalimu Nicolas amesahihisha makosa, lakini maneno hakuyagusa. Mengi ya haya unayajua. Nayasema kwa ajili ya wale watakaosoma na hawakukujua.

Ulizaliwa miaka kumi na miwili baada yangu. Mama alipofariki nilikubeba mgongoni nikilima. Ulipofika umri wa shule ulikwenda shule, nami nikabaki na jembe. Sikuona ubaya. Ndivyo ilivyokuwa kwa wasichana wa wakati wetu.

Ulikuwa karani wa kupima pamba. Wakulima walioteremka na vikapu vyao walikupenda kwa sababu uliwasomea mizani kwa sauti, mara mbili, ukawaonyesha sindano ilipokuwa imesimama, hata wale wasiojua tarakimu. Ulipenda samaki wa ziwani, mikeke ya kuchoma. Kichwa hukukila, uliniachia mimi. Ulinawa mikono kila mara kabla ya kugusa kitabu, na kama hapakuwa na kitambaa ulijifutia kwenye kitenge changu bila kuomba. Nilikuwa nikikugombeza kwa jambo hilo.

Wewe ndiye uliyeanzisha Nyumba ya Kusoma, chumba kimoja cha matofali ya udongo nyuma ya soko, chenye sanduku la vitabu na mabenchi matatu. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana uliwasomea waliokuja. Walikuja wavuvi, walikuja bamama na muhogo wao wa kumenya, walikuja Waislamu wa ufukoni, sisi Wakatoliki, na watu wa Mwalimu Nicolas ambao ni Waprotestanti. Adhana ya alasiri ikilia ulifunga kitabu, kidole kikiwa ndani, ukangoja waliokwenda kusali warudi. Hukusoma hata mstari mmoja bila wao.

Komite tulikuwa watu watano. Mzee Useni mwenye mashua alikuwa mkubwa wetu. Mwalimu Nicolas alitafuta vitabu. Bi Kulthumu, anayekaanga mikate sokoni, alinyamazisha watu, na kazi hiyo aliiweza. Wewe ulikuwa katibu. Mimi niliwekwa kutunza ufunguo.

Sharti letu lilikuwa moja. Hakuna kitabu kilichosomwa mbele ya watu kabla komite haijakisikia chote, kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na wote watano kukubali. Kwa kuwa mimi sikujua kusoma, ulitusomea kwa sauti, na Mwalimu Nicolas, aliyekwisha kukisoma mwenyewe, alikaa akasikiliza kama sisi. Siku moja nilikataa kitabu. Ndani yake mama alimwacha mtoto njiani akaenda zake. Nilisema hakuna mama anayekwenda hivyo bila kugeuka hata mara moja, aliyeandika hakuwa amemwona mtu anayeacha mtoto. Mlibishana nami jioni nzima. Mwishowe ulikitia chini kabisa ya sanduku.

"Yaya amekataa," ulisema, kwani mimi dada yako uliniita hivyo. "Basi, imekwisha."

Sikuwa nimewahi kusema neno mbele ya watu, na watu wakalishika.

Sasa nafika kwenye barua.

Chama chetu kilihitaji ruhusa ya serikali ili tuendelee kukusanya watu. Uliandika barua vizuri, kwa mashine ya kazini kwako, na chini ukaacha nafasi tano za mikono ya komite. Mzee Useni anaandika kuliko sisi wote, lakini kwa herufi za Kiarabu, na karani mmoja wa serikali alikuwa amekwisha kukuambia kwamba herufi hizo hazitapokelewa, mzee atie kidole tu. Mimi sikuwa na herufi za aina yoyote. Ulitutazama sisi wawili, ukafungua kibweta cha wino, ukabonyeza kidole gumba chako mwenyewe, wa kwanza.

Bi Kulthumu alipiga makofi. "Eh, karani! Leo na we uko sawa na bamama ba jikoni?"

"Kidole changu hakikusoma shule, Bi Kulthumu," ulimjibu. "Mimi ndiye nilisoma."

Tukacheka. Yeye akatia chake, ingawa jina lake alijua kuliandika. Mwalimu Nicolas hakucheka, lakini naye alitia. Vidole vitano vya zambarau, vyote sawa, wala hapakuwa na mtu wa kuona haya. Tuliona ni jambo zuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri jinsi karatasi ile itakavyoonekana mezani kwa mtu asiyetujua.

Ilirudi baada ya majuma matano. Ofisi ya serikali, kule juu Fizi, ilisema kwamba chama cha vitabu hakiwezi kuongozwa na watu watano wasiojua kuandika. Mpaka komite ya watu wenye kujua ipatikane, tusikusanye mtu.

Tuliketi. Mwalimu Nicolas ndiye aliyesema kwanza.

"Tuseme ukweli. Tuwatoe mzee Useni na mama Anastasie, tuweke bengine babili, sisi tuandike majina yetu. Barua itapita."

"Mwalimu," Bi Kulthumu alisema, "we unatoa batu kama vile unatoa mawe mu mchele."

"Sisemi kwa ubaya, mama."

"Najua. Na mawe hatuyatoi kwa ubaya."

Mzee Useni alisema kama ni yeye anayezuia, atarudi kwenye mashua yake, haina ugomvi na mtu. Mimi nikasema, "Munitoe. Mi sina neno."

"Yaya, unyamaze," ulisema.

Hukuwahi kuniambia hivyo maishani mwako. Kisha ukawaambia wote, kwa sauti yako ya kawaida, "Komite iko hii. Tukiibadilisha ili tupate karatasi, tutakuwa tumepata karatasi tu. Nitapanda Fizi nikaongee nao."

Eugène, hapa ndipo ninaporudi kila siku. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Ningeinuka, nikaweka ufunguo mezani, nikaenda nyumbani, usingekuwa na sababu ya kupanda Fizi. Sikuinuka. Nilinyamaza kama ulivyoniambia, na ndani yangu nilifurahi kwamba hukutaka nitoke.

Ulikwenda kwa baiskeli, mvua ya Machi ikiwa imeanza. Ulirudi Ijumaa, nguo zimekauka na kulowana tena mwilini mwako mara sijui ngapi. Ulisimama mlangoni kwangu ukiwa umeshika baiskeli.

"Wametupa mwaka mmoja," ulisema. "Komite ileile. Lakini kila mtu aende aandike jina mbele yao. Yaya, utaandika."

"Kwa miaka yangu hii?"

"Mzee Useni iko na miaka kukupita, na hatuna komite nyingine."

Mkeo Marthe alikuita ule. Hukula. Mganga wa dispansari alisema ni mapafu. Siku kumi baadaye tulikuzika. Tunakumbuka kwamba watu walikuwa wengi. Mimi sikulia. Niliosha masufuria, nikayarudisha kwa wenyewe, kila moja kwake, wala sikukosea. Watu walisema mama Anastasie ana nguvu. Si nguvu. Sijui ni kitu gani. Ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unaugusa na si wako.

Baada ya Pasaka nilikwenda kwenye masomo ya jioni katika shule ya Mwalimu Nicolas. Shangazi Godelieve aliniuliza kama Waprotestanti watanibatiza tena. Nilimwambia wananipa chaki tu. Nilikaa benchi moja na mzee Useni. Alikuwa akiguna.

"Herufi za batu hawa zinaanzia upande usiofaa," alisema. "Mutu anatoka nyumbani kwa mlango wa nyuma."

"Mzee, andika," Mwalimu Nicolas alimwambia.

"Naandika, mwanangu. Nagombana nazo na ninaandika."

Nataka ujue kwamba Mwalimu Nicolas hakutuchoka. Alitufundisha majuma yote ya mwaka, hata ya mavuno, na hakuna siku aliyotukumbusha yale aliyoyasema kuhusu kututoa. Kila jioni kabla ya kushika chaki nilifanya ishara ya msalaba, nikamwomba Mungu vitu viwili, niandike na nilie. Cha kwanza amenipa. Cha pili bado. Simlazimishi.

Tarehe 26 ya mwezi uliopita tulipanda Fizi kwa lori la chumvi, watu wanne. Siku tulizopewa zilikuwa zimebaki tatu. Bwana wa faili alituweka mstari mmoja mbele ya meza yake. Bi Kulthumu aliandika, akapuliza wino. Mwalimu Nicolas aliandika. Mzee Useni aliandika jina lake kwa herufi za shule, pole sana, kisha chini yake akaliandika tena kutoka kulia, kwa haraka, kama mtu anayefika kwake.

"Na hii iko nini?" bwana aliuliza.

"Ile ya juu ni yako, Bwana," mzee alisema. "Hii ni yangu."

Bwana aliangalia, kisha akageuza karatasi kwangu. Niliandika. Herufi tisa za jina langu, na jina la baba yetu. Nilipomaliza, yule bwana alihesabu kwa kalamu yake.

"Hapa wameandikwa watu watano. Naona wanne."

Mwalimu Nicolas alimwambia kwamba wa tano, katibu, ni marehemu.

"Basi hawezi kubaki katika orodha. Mumufute. Mumuweke katibu mwingine, sasa hivi, ndipo nitie muhuri."

Wino ulikuwa bado kwenye kalamu, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Mwalimu Nicolas alinyoosha mkono ili aichukue, kwa huruma, nilimwona. Bi Kulthumu alisema, "Mama Anastasie, wacha Mwalimu afanye." Sikuiacha. Niliogopa kwamba nikimpa mwingine, nitakuwa nimenyamaza mara ya pili.

Nilisoma jina lako kwanza. Eugène Asukulu, katibu. Ilikuwa mara ya kwanza kulisoma mwenyewe mahali lilipoandikwa na mtu mwingine. Kisha nikapitisha mstari juu yake, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mzee Useni alisema, "Sasa andika lako mahali pale, binti yangu, tusirudi bila katibu," nami nikaliandika. Bwana akagonga muhuri. Ruhusa tumeipata.

Nje, Bi Kulthumu alininunulia ndizi akaniambia nikae chini. Nilikaa. Nikala ndizi yote.

Haya ndiyo niliyotaka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa mwingine, kama huko uliko watu husikia habari. Katika karatasi ya Nyumba ya Kusoma jina lako limefutwa, na aliyelifuta ni mimi. Nimeungama kwa padri. Aliniambia si dhambi. Nilimshukuru, lakini sikuwa nimekuja kumuuliza kama ni dhambi. Nilitaka tu kulisema kwa mtu.

Jumamosi iliyopita tulifungua. Watu walijaa, wengine wakasimama dirishani. Kazi ya katibu ni kusoma, kwa hiyo nilisoma. Nasoma polepole, kwa kidole, na neno refu nalikata vipande viwili. Mvuvi mmoja nyuma alisema, "Mama, kwa mwendo huu tutamaliza mwaka kesho." Bi Kulthumu alimgeukia tu, mvuvi akaangalia chini. Nilisoma kurasa mbili. Adhana ilipolia nilifunga kitabu, na waliobaki wakaniangalia kuona nitafanya nini. Nilingoja. Hakuna aliyeondoka. Waliokwenda kusali waliporudi, mahali pao kwenye mabenchi palikuwa wazi, nikaendelea na mstari uliofuata.

Leo asubuhi misa imesomwa kwa ajili yako. Padri alitaja jina lako lote, na sisi tulijibu.

Ee Bwana, umpe Eugène raha ya milele, na mwanga usiokwisha umwangazie. Utuangalie na sisi.

Tunaokukumbuka: mkeo Marthe, binti yako Suzanne, uliyemwacha tumboni mwa mama yake, ambaye ameota meno mawili na anakula bugali, kaka yako Jacques aliyeko Bibokoboko, shangazi Godelieve, wakwe zako wote, na mimi, dada yako. Pamoja nasi ni mzee Useni, Bi Kulthumu na Mwalimu Nicolas wa komite.

Siku zote tutakutaja.